Mgomba Uliozikwa Mahali Pangu

Nyuma ya nyumba yangu, kando ya migomba, lilikuwapo kaburi langu. Nilikuwa nikilipita kila asubuhi nikienda kunawa uso. Watu wakiniuliza ugonjwa ulikuwaje, naanzia hapo, kwa sababu mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo huku Murukulazo, wilaya ya Ngara. Naandika haya kwa ajili yako unayekohoa na kujificha, na kwa ajili ya wale wanaokuombea. Habari za vidudu sitaeleza. Muulize nesi, anazijua na ana subira kunishinda. Humu yumo mama mmoja anaitwa Kabula. Ameniruhusu nimtaje, ila akasema niandike pia kwamba yeye si mjinga, alikuwa amechoka tu. Nimeandika.

Kikohozi kilianza kiangazi, wakati wa vumbi. Mchungaji akikohoa kiangazi, nani atashtuka? Mke wangu, Mama Neema, alinichemshia tangawizi. Wazee wa kanisa walisema ni koo la kuhubiri, nami nikakubali, maana nahubiri kwa sauti ya kufukuza ndege shambani. Mvua za vuli zilipoanza, suruali zilikuwa zinaning'inia. Mkanda niliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Nikilala, nalowa jasho mpaka Mama Neema anageuza godoro. Jumapili moja nilimpokea mtoto mchanga ili nimbariki mbele ya kanisa, mikono ikatetemeka, bibi yake akamchukua haraka asije akaanguka. Alifanya vizuri, lakini alinikata maini.

Kisha ikaja damu. Ilikuwa ibada ya mchana ya kuombea wagonjwa. Nimeweka mkono juu ya kichwa cha mama mmoja aliyekuja kwa kuumwa mgongo, namwombea apone, nikakohoa, damu ikamrukia kwenye kitenge. Alinyanyuka wima pale pale, mgongo akausahau. Mimi nikakaa sakafuni. Sikuwaza mbinguni wala duniani. Niliwaza tu kwamba ile damu ni nyingi, na kwamba ni yangu.

Siku hizi wagonjwa wengi hubebwa na pikipiki, lakini siku ile mvua ilikuwa imekata barabara, na mimi kukaa nilikuwa siwezi. Basi wakaleta ingobyi. Hiyo ni machela ya kusuka ya kijiji, ina miti miwili mirefu, na wanaume wanne huibeba mabegani. Kila nyumba ina wajibu wa kutoa bega. Leo unambeba jirani, kesho jirani anakubeba. Mgonjwa hupelekwa nayo hospitali, na maiti hurudishwa nayo nyumbani.

Sasa tega sikio, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapa. Kwetu mgonjwa hubebwa kichwa kikitangulia. Maiti hutangulizwa miguu. Hakuna anayefundishwa, mtoto anakua anajua. Lakini njia yetu ya kushuka kwenye barabara ya magari ni mteremko mkali, na kichwa kikitangulia kwenye mteremko, kichwa ndicho kinakuwa chini. Nikaanza kupaliwa na damu yangu mwenyewe. Mama Neema alikuwa anatembea kando yangu. Akasema, "Mgeuzeni, atakufa huyu." Wakanigeuza. Mvua ikazidi, mtu akanifunika turubai mpaka usoni. Wabebaji walikuwa wakiimba nyimbo za kanisa, na walipofika penye utelezi wakanyamaza wasije wakaanguka.

Ndivyo nilivyopita kijijini: miguu mbele, uso umefunikwa, watu kimya. Jirani yetu mmoja, Mama Josefu, alikuwa anapalilia maharage kando ya njia. Wabebaji walinisimulia baadaye kwamba aliinua kichwa, akatazama miguu yangu, akatupa jembe. Mimi nilisikia mayowe tu. Nikajiuliza ni nani amefiwa, na pale chini ya turubai nikamwombea faraja.

Kule hospitali ya Rulenge walitupokea vizuri. Nilikaa kwenye benchi nje, penye upepo, pamoja na wakohozi wenzangu, kila mmoja ameshika kikopo chake cha makohozi kama tumekwenda kuuza asali. Benchi lile lina heshima yake. Hakuna anayeuliza wewe ni nani. Mzee aliyekuwa pembeni yangu alinisogezea ukingo wa blanketi lake, nikajifunika miguu, na jina lake silijui hata leo. Walinipima pia virusi vya Ukimwi, kwa sababu huwapima wote. Nilipokuwa nasubiri majibu yale, mimi niliyewahi kuwaambia wengine wasiogope, meno yaligongana. Virusi sikuwa navyo. Nilikuwa na kifua kikuu. Nesi alilitamka hilo jina taratibu, kama mtu anayekuambia bei ya chumvi, kisha akasema, "Baba, hii inapona. Ila dawa ni miezi sita, na huachi hata ukijisikia mzima."

Simu ya Mama Neema ilikuwa imezima chaji tangu njiani, na wabebaji nao mvua ilikuwa imewazuia huku huku. Siku ya tatu akapata mahali pa kuichaji, akapiga nyumbani kuomba unga wa uji na shuka. Alipokea jirani. Mama Neema aliweka sauti ya juu ili nami nisikie habari za watoto.

"Pole sana dada yangu," jirani akasema huku analia. "Tumekutafuta mpaka tumechoka. Maiti mnaileta lini? Kaburi liko tayari."

"Maiti ya nani?"

"Ya mchungaji."

"Mchungaji si huyu hapa anakunywa uji."

"Dada, jikaze. Huzuni ndivyo inavyofanya."

Kijiko kilinitoka mkononi. Wenzangu wodini walicheka mpaka wakakohoa, na mimi sikuona cha kuchekesha. Nikaomba simu, nikataka kuongea na mama yangu, ambaye ni mzee sana na tunaishi naye. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Marahaba haitolewi kwa mtu aliyekufa. Akauliza, "Kama ni wewe, sema. Ulipokuwa mdogo ulivunja kitu gani changu ukakimbilia kwa shangazi yako?"

"Mtungi, mama. Lakini sikuuvunja mimi. Aliuvunja mbuzi."

Nikamsikia anawageukia watu. "Ni yeye. Bado anamsingizia mbuzi." Ndipo akasema, "Marahaba mwanangu."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kwa desturi za wazee, shimo likishafunguliwa kwa jina la mtu halifukiwi tupu. Litamdai mwenyewe. Mama alisimamia kazi: wakakata mgomba wenye kimo changu, wakauviringisha kwenye mkeka, wakauzika kwa heshima. Waliniuliza kwanza kwa simu. Mimi, mchungaji, mwenye kuhubiri kila Jumapili kwamba mauti hayatutishi, nilijibu haraka, "Sawa mama, zikeni." Nilishangaa nilivyojibu bila kufikiri.

Dawa nazo zina maajabu yake. Asubuhi ya kwanza nilikwenda chooni nikaona mkojo mwekundu kama mawese. Nesi alikuwa amenieleza, lakini siku ile masikio yangu yalikuwa kwenye kaburi. Nikamwita Mama Neema aje aone jinsi mume wake anavyomwagika. Akatazama, akasema, "Ulikuwa unasikiliza nini wakati unaambiwa?" Basi nakuambia na wewe: ni dawa, usiogope. Tumbo litachafuka, viungo vitauma, chakula kitanuka. Meza tu.

Nilirudi nyumbani mvua za vuli zikiwa zinaishia. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kichwa cha mama. Kilikuwa kimenyolewa chote. Kwetu mwanamke hunyolewa akifiwa, nami nilikuwa nimeona vichwa vya namna ile miaka yote, nikaviombea, nikaendelea na safari zangu. Hiki kilinyolewa kwa ajili yangu. Nilikipapasa nikalia mbele ya watoto.

Nyumbani hapakuwa shwari. Mama Neema aligundua kwamba katika siku zile za matanga shemeji zake walikuwa wameshajadiliana watoto wetu wangelelewa na nani. "Nilikuwa mjane bila habari," aliniambia, na kwa muda mrefu alikuwa akikasirika ghafla, anagonga sufuria. Watoto wote walipimwa, mdogo akapewa dawa za kinga. Kikombe changu kiliwekwa peke yake kwenye rafu, ingawa nesi alisema kikombe hakina kosa. Siku moja mama alikichukua, akajimiminia uji, akanywa mbele ya wote, akakirudisha katikati ya vingine. Toka siku ile hakikutengwa tena.

Basi ndipo maneno yakaanza. Mwenye kaburi anatembea. Kwanza yalikuwa ya utani pale gulioni, kisha utani ukaisha. Wakaanza kuja watu nisiowajua, kutoka vijiji vya mbali, mpaka Biharamulo. Kanisa likajaa, wengine wakasimama nje madirishani. Nikawaambia waziwazi sikufa, nilikuwa mgonjwa, nameza dawa. Wakatazamana wakasema, "Mnaona unyenyekevu wake?"

Nilimlalamikia Mzee Bukuru, mzee wa kanisa letu, mtu niliyefanya naye kazi tangu tulipokuwa tukisali chini ya turubai. Akanijibu polepole, "Mchungaji, wewe nyamaza tu. Sisi hatujasema umefufuka. Wanasema wao."

"Na nikinyamaza, si ni sawa na kusema?"

"Watu wamemrudia Mungu. Unataka kuwafukuza?"

Kweli walikuwa wanaomba, wanalia, wanapatana na jirani zao. Nikawa nahubiri, na nikirudi nyumbani naona tuta la kaburi langu linapungua. Nilidhani ni mvua.

Kabula aliletwa masika, maharage yanapaliliwa tena, mimi nikiwa mwezi wa tano wa dawa. Alitoka Nyarubungo, kule Biharamulo, kwa pikipiki, mumewe Masanja amemshika kwa nyuma asianguke. Ni Wasukuma, wafugaji, Masanja ni mrefu kupita mlango wa kanisa. Kabla mama yule hajanisalimu alikohoa, nikakitambua kile kikohozi kama sauti ya ndugu yangu.

"Shikamoo mtumishi."

"Marahaba dada. Umepimwa?"

"Nimepimwa. Ni kama wewe."

"Na dawa unameza?"

"Nilikuwa nameza. Niliposikia habari zako nikazitupa chooni. Nije kwako na dawa mfukoni, si ni kumtukana Mungu?" Akafungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu. "Walituletea majirani waliotangulia kuja. Nalamba asubuhi na jioni."

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa. Ule udongo niliujua, ndio uliokuwa ukipungua kwenye tuta langu. Alikuwa analamba udongo wa shimo ulimooza mgomba, na ameacha dawa kwa ajili ya jina langu. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, na nyumbani ana watoto watatu. Nikamwambia mimi mwenyewe nameza, nikamwonyesha vidonge. Akatabasamu kwa huruma. "Mtumishi, unatupima imani." Masanja akatazama chini. Nilielewa pale kwamba huyu mama atakufa, atakufa akinishukuru, na hakuna mahubiri yatakayomzuia.

Jioni ile nikamwambia mama kwamba nataka kufukua. Tulikuwa tumekaa karibu, tunaota moto.

"Ukifukua unaita kifo," akasema.

"Kimjie nani?"

"Wewe."

Niseme ukweli, niliogopa. Nimesoma chuo cha Biblia, nimekemea mapepo, na niliogopa shimo la mgomba. Mama alichokonoa moto. "Yule mama wa Nyarubungo ana watoto?"

"Watatu. Wa mwisho ananyonya."

Akajipapasa kichwa. "Nywele zenyewe ndiyo kwanza zimeota," akasema, akaenda kulala.

Jumapili, baada ya ibada, niliwaambia watu wote wanifuate nyuma ya nyumba. Mzee Bukuru alinishika mkono mlangoni. "Ukifanya hivi, kanisa hili linaisha leo." Nikamwambia bora liishe. Nilikuwa nimekasirika. Tulipofika, mama alikuwa ameshafika, amesimama juu ya tuta na jembe lake la mkono mfupi. "Niliuzika mimi," akasema kwa Kihangaza, ili waelewe wanaopaswa kuelewa. "Naufukua mimi." Akapiga jembe la kwanza. Watu waliguna, wengine wakarudi nyuma. Nikamwachia akapiga la pili, kisha nikampokea. Hawakuuzika kwa kina. Mgomba haufukuliwi na mbwa.

Ulitoka mkeka umeoza, na ndani yake mgomba mweusi, laini, unatoa maji, umejaa wadudu. Harufu ikapanda. Nikanyanyua kipande chake kwa mikono miwili ili wa nyuma waone. Wapo walioziba pua. Wapo waliosonya wakaondoka, na kweli wengine sijawaona tena kanisani. Mwanaume mmoja alisema kwa sauti kwamba nimewaibia, na sikujua nimewaibia nini.

Kabula alisogea kwa kumshikilia mumewe mpaka ukingoni. Akachungulia ndani.

"Kwa hiyo hukufa."

"Sikufa, dada."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alilifungua lile fundo la kanga, akaukung'uta udongo ukarudi shimoni. Kisha akanitazama kwa macho ambayo ningependa kuyasahau. "Sasa mimi nishike nini?"

Siku zote nilikuwa na majibu ya maswali ya namna hiyo, nikiwa madhabahuni, nimevaa koti. Hapo mfukoni nilikuwa na vidonge vyangu vya siku ile tu, nilikuwa nimeviacha makusudi nivimeze mbele yao. Nikajifuta mikono kwenye suruali, nikavimeza mbele yake bila maji, vikanikwama, nikakohoa machozi yakanitoka. Alivifuata kwa macho mpaka vikashuka. Nikamwambia, "Twende nikupeleke zahanati. Nitakaa na wewe kwenye benchi." Akataka kupiga hatua, magoti yakamwishia.

Wakaleta ingobyi, maana kwenye pikipiki asingekaa tena. Ilikuwa zamu ya nyumba nyingine, lakini niliomba nami nitoe bega. Masanja akashika mbele, na mwanaume mwingine mrefu upande wa pili, wainue juu ili kichwa chake kisishuke kwenye mteremko. Wa nyuma tulikuwa wafupi, mimi na mmoja zaidi. Nilipogeuka kumwangalia, ni Mzee Bukuru, ameinamisha uso, bega tayari.

Kulikuwa na manyunyu. Mtu akaleta turubai nikamwambia amfunike miguu tu, uso auache. Tukashuka polepole, na kila tulipopita nyumba nilipaza sauti, kwa pumzi niliyokuwa nayo: "Ni mgonjwa. Ni mgonjwa, yuko hai." Kabula mwenyewe akachoka na kelele zangu, akasema, "Mtumishi, wamesikia."

Mama Josefu alikuwa kwenye maharage yake, palepale kando ya njia. Aliposikia miguu yetu akanyoosha mgongo na jembe mkononi. Akatazama machela, akatafuta kichwa kiko upande gani, akakiona kiko mbele, macho wazi. Akamwambia, "Pole dada, ugua pole," akainama, akaendelea kupalilia.